Wikendi ya kiangazi Nairobi: Maktaba za umma zifunguliwe Jumapili

Kwa Mhariri,

Nimeusoma kwa makini ukurasa wa burudani wa toleo lako la Jumamosi iliyopita, ulioshauri familia za Nairobi namna ya kuitumia wikendi katika msimu huu wa joto. Ulitaja hoteli za kando ya Ziwa Naivasha, safari ya treni hadi pwani na mikahawa ya Kilimani na Westlands, na mwishoni, katika aya fupi, ukamshauri msomaji abebe kitabu akakisome kando ya bwawa la kuogelea. Sina ugomvi na mwandishi wa makala hayo. Kila mtu na starehe yake, na mwenye uwezo wa kwenda Naivasha na aende kwa heri. Hata hivyo aya ile ya kitabu na bwawa ilinifanya nijiulize iliandikiwa nani, kwa kuwa sisi tunaoishi Umoja, Kayole, Dandora, Mathare na Kawangware bwawa hatuna, na kitabu chenyewe, siku ambazo tuna nafasi ya kukisoma, kimefungiwa ndani ya maktaba ya umma. Ndiyo sababu ya barua hii. Ninaiomba Serikali ya Kaunti ya Nairobi, na pamoja nayo Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, izifungue maktaba za jiji hili Jumapili alasiri, na Jumamosi iziache wazi hadi jioni.

Kiangazi chetu hakifanani na cha Ulaya. Huko joto huja kati ya Juni na Agosti, shule zikiwa zimefungwa na ofisi zimepunguza kazi, na magazeti huchapisha orodha ndefu za vitabu vya likizo. Kwetu miezi hiyo ni ya sweta na mawingu mazito. Joto la Nairobi huingia Januari na kuendelea hadi mvua ndefu zinapoanza katikati ya Machi, wakati shule zimekwisha kufunguliwa, karo imelipwa au inadaiwa, na mfuko bado unauguza majeraha ya Njaanuari. Likizo ya kiangazi, basi, hatuna. Tulicho nacho ni wikendi, na kwa wengi wetu ni nusu ya wikendi, kwa maana fundi, muuza duka, mfanyakazi wa kiwandani na askari wa ulinzi hutoka kazini Jumamosi saa saba au saa nane mchana, wakibahatika. Mimi mwenyewe nafanya kazi katika karakana ya kufunga vitabu kule Industrial Area. Tunakunja karatasi, tunapanga kurasa, tunashona, tunatia gundi na kubana majalada juma zima hadi Jumamosi saa saba. Nikishuka Umoja tayari ni saa tisa, na maktaba ya umma iliyo karibu nasi, ambayo sioni faida ya kuitaja jina, huwa imefungwa au mlinzi anatembeatembea mlangoni akiwa na funguo mkononi. Jumapili haifunguliwi kabisa. Jumatatu asubuhi inafunguliwa barabara, mimi nikiwa kazini na wanangu wakiwa darasani.

Mtu asidhani kwamba mitaa yetu imekosa burudani. Hapa kwetu Jumamosi jioni kuna banda la mabati lenye runinga mbili, moja ya Ligi Kuu ya Uingereza na nyingine ya filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro. Kiingilio ni sarafu. Mabenchi ni mbao zilizolazwa juu ya matofali, joto la ndani humtoa mtu jasho kabla mpira haujaanza, na hata hivyo ukichelewa utasimama. Vijana hucheka kabla mzaha haujamalizika kusemwa, kwa sababu wameshausikia mara nyingi na wanaupenda vilevile. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Husemwa kila mara, tena na wasomi wetu wenyewe, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiweke ndani ya kitabu. Msemo huo umenichosha. Watu wanaotoa sarafu ya mwisho kusikiliza kisa kikisimuliwa kwa lugha wanayoielewa hawawezi kuitwa watu wasiopenda hadithi. Wameifuata hadithi mahali palipo wazi, saa ambayo wanaweza kuifuata.

Anayetaka ushahidi zaidi na apite Tom Mboya Street au kandokando ya Moi Avenue Jumapili mchana, maduka mengi yakiwa yamefungwa na njia ya waendao kwa miguu ina nafasi. Wauzaji wa vitabu vya mitumba, wale wa "inama" ambao mteja wao sharti ainame, hutandika nailoni chini wakavipanga vitabu migongo ikitazama juu, na bei huandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni: hamsini, mia, mia na hamsini. Vingi vimetoka Uingereza na Marekani. Ukifungua jalada utakuta muhuri wa maktaba ya mji fulani wa huko, karatasi ya tarehe za kuazima ikiwa bado imebandikwa, na juu yake muhuri wa pili unaotangaza kwamba kimeondolewa rafuni. Kitabu kilichoazimwa na watoto wa wenzetu hadi kikachakaa ndicho kinachopakiwa melini kuja kuuzwa kando ya barabara zetu, na hapa nako kinapata wenyewe. Nimemwona kijana wa bodaboda amechuchumaa, helmeti imening'inia kwenye kiwiko, akisoma kurasa za mwanzo za riwaya huku muuzaji akimwachia asome bila kumharakisha, mpaka abiria alipomwita akakirudisha mahali pake, sawa na alivyokikuta. Vya Kiswahili ni vichache katika marundo hayo, na aghalabu ni vile vilivyotahiniwa zamani, pembezoni vimejaa maelezo ya penseli ya mwanafunzi aliyevitangulia. Kisha kanjo, yaani askari wa kaunti, wakitokea, ncha nne za nailoni hukusanywa kwa mkupuo mmoja na duka zima likawa mzigo begani.

Kitabu kipya ni habari nyingine. Kwa Sheria ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mwaka 2013 vitabu vilianza kutozwa ushuru wa asilimia 16, na wachapishaji wamelilalamikia jambo hilo mwaka baada ya mwaka. Kuanzia mwaka 2018 Serikali ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, hatua ambayo ilimpunguzia mzazi mzigo, nami kama mzazi naishukuru. Lakini duka la vitabu la mtaani, lililokuwa likiishi mwaka mzima kwa mauzo ya Januari, lilipoteza riziki yake, na nayajua mawili ya upande wetu ambayo leo yanauza vipodozi na simu. Vitabu vya kiada vilipoondoka viliondoka pamoja na vile vichache vya hadithi vilivyokuwa vikiwekwa dirishani, ambavyo mtoto angeviona akirudi kutoka dukani na mkate akamsumbua babake hadi avinunue. Karakana yetu inanionyesha hesabu hiyo waziwazi: mizigo ya vitabu vya kiada hatuimalizi, bali ya hadithi za watoto kwa Kiswahili huisha hata kabla mkono haujazoea ukubwa wa jalada.

Hapo ndipo maktaba inapohitajika, na Nairobi haianzi na mikono mitupu. Jengo la McMillan lililo Banda Street, lenye nguzo zake ndefu na simba wa mawe mlangoni, lilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumkumbuka Sir William Northrup McMillan, na hadi mwaka 1958 liliwekewa Wazungu peke yao. Baadaye likawa mali ya wakazi wote chini ya Baraza la Jiji, lenye matawi Kaloleni na Makadara, yaani Eastlands, wanakoishi wafanyakazi. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshirikiana na kaunti kuzifufua maktaba hizo, na aliyezijua Kaloleni na Makadara zamani akaziona sasa hawezi kudai kwamba kazi haikufanyika. Huduma ya Maktaba ya Kitaifa nayo, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, ina tawi Buruburu ambalo wengi wa rika langu waliotoka upande huu wa jiji wanalidai shukrani. Ni kweli kwamba kwa jiji lililohesabiwa watu 4,397,073 katika sensa ya mwaka 2019 majengo hayo ni machache mno. Sitaki kulipitia suala la kujenga mengine, kwa maana ujenzi huleta zabuni, zabuni huleta kesi, na tutazeeka tukisubiri. Naomba yale yaliyopo, yenye paa, viti na vitabu, yafunguliwe siku ambayo watu wana nafasi.

Niliwahi kupata ruhusa ya Jumamosi asubuhi nikawapeleka wanangu katika maktaba ile ya karibu nasi. Tulikuta ukumbi wa kusomea umejaa, viti vyote vimekaliwa na wanafunzi wa sekondari na wa vyuo waliokuja na madaftari na vitabu vyao wenyewe, na waliokosa viti wameketi ngazini, mikoba magotini. Hakuna aliyekuwa na kitabu kilichotoka rafuni. Nilimwuliza mkutubi, mama mmoja mwenye subira, kama ndivyo mambo yalivyo kila wiki. Akanijibu, "Baba, hawa nyumbani hawana meza." Jibu hilo linatosha kueleza kwa nini saa chache za Jumamosi humezwa zote na mtihani, na msomaji anayetaka kusoma kwa raha yake, mzee kwa mtoto, hujiona kama amekuja kuwasumbua wenye shida zao. Wanafunzi hao sina neno nao. Wenye nyumba ya chumba kimoja watasomea wapi? Saa zikiongezwa kutakuwa na nafasi ya wao na ya wengine. Upande wa watoto kulikuwa na rafu moja ya Kiswahili. Binti yangu wa Gredi ya 5 alitoa kitabu cha sungura na fisi, akaketi sakafuni pembeni ya dirisha ambapo saruji ilikuwa baridi, na hakuinua uso hata ndugu yake alipomvuta sketi. Alikuwa amebakiza kurasa kadhaa mlinzi alipoanza kugonga kitasa kwa funguo kuashiria kwamba muda umekwisha. Tuliporudi nyumbani aliniuliza kama kesho tungeweza kwenda kukimaliza, na kesho ilikuwa Jumapili.

Bwana Mhariri, niruhusu niingie kidogo katika sheria, ingawa mimi si wakili. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, burudani na huduma za umma, kisha ikazitaja moja baada ya nyingine: kamari na kasino, mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, maonyesho na ukodishaji wa video, maktaba, majumba ya makumbusho, michezo, na bustani za kaunti. Maktaba imewekwa hapo hapo, katikati ya burudani, baada ya video na kabla ya makumbusho, wala haikupelekwa kwenye sehemu ya elimu. Nadhani walioiandika Katiba waliona sawasawa. Maana yake ni kwamba wikendi nzima ya mkazi wa Nairobi, ukiondoa ibada, imo mikononi mwa serikali moja, na serikali hiyo ndiyo inayoamua nini kiwe wazi na saa ngapi.

Tazama sasa inavyoamuliwa. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile iliyozoeleka kwa jina la Mututho, mbunge aliyeipigania, iliweka kwamba baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni katika siku za kazi, bali wikendi na sikukuu zifunguliwe mapema zaidi, saa nane mchana, hadi saa tano usiku. Waliotunga sheria walielewa kwamba siku za mapumziko mtu ana saa nyingi zaidi za kujistarehesha, wakazirefusha za baa kwa saa tatu. Maktaba imetendewa kinyume cha hayo: siku za kazi saa zake ni ndefu, na wikendi zinapunguzwa au kufutwa kabisa. Sisemi baa zifungwe, maana nami si mgeni humo. Nasema tu kwamba ikiwa ratiba ya kuuza bia inaweza kupangwa kwa kufuata mapumziko ya mfanyakazi, ya kuazimisha vitabu haina sababu ya kupangwa kwa kufuata saa za ofisi. Jumba la Makumbusho la Taifa hapa Nairobi hupokea wageni Jumapili, na nyoka wa Snake Park hutazamwa siku hiyo kama siku nyingine yoyote.

Najua nitaambiwa kwamba bustani zipo, na msomaji anaweza kwenda na kitabu chake Arboretum akakaa chini ya mti. Ni shauri zuri, na mara nyingine tunalifuata. Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, Jumapili huwa na kwaya tatu zinazofanya mazoezi kwa wakati mmoja, wachumba wanaopigwa picha, na kima wanaojua zipu ya mkoba inafunguliwa upande gani. Uhuru Park tunayo kwa sababu Wangari Maathai alisimama mwaka 1989 kupinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe pale, na Bustani ya Jeevanjee imesalia baada ya vuta nikuvute kama hiyo. Bado wahubiri na wabishi wa siasa wanakutana humo bila kulipa hata senti. Lakini mwenye kwenda bustanini na kitabu ni yule aliyekwisha kuwa nacho. Isitoshe kuna nauli: baba, mama na watoto watatu kutoka Umoja hadi mjini na kurudi, tena wapate soda, watakuwa wametumia pesa za unga wa siku kadhaa. Maktaba za Makadara, Kaloleni na Buruburu zimo ndani ya mitaa ya watu, na mtoto hufika kwa miguu.

Sinema zetu nazo zina la kutufundisha katika jambo hili. Abiria wa Thika Road bado hushuka kituo cha Drive-In, wa Mombasa Road hushuka Bellevue, na anayekwenda Ngara hupitia mzunguko wa Globe, na vijana wengi wanaoyataja majina hayo kwa kondakta hawajui kwamba palikuwa na sinema, mbili kati yake zikiwa za kutazamwa ukiwa ndani ya gari. Zilikufa kwa sababu nyingi, runinga na kanda za video zikiwemo, na sitaki kuzirahisisha. Jambo ninalolijua ni kwamba mahali pa burudani pakizoea kutokuwa na watu, mwenye kiwanja huanza kupigiwa simu na wanaotaka kujenga, na viwanja vya maktaba zetu viko mahali pazuri mno.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la wafanyakazi, na sitalipuuza, kwa kuwa nami ni mfanyakazi. Mkutubi ana familia, ana kanisa, ana matanga na harusi kama sisi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila aliyeajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na haikutaja kwamba siku hiyo lazima iwe Jumapili; ndiyo maana wauguzi, askari, madereva wa matatu na watangazaji wa redio hufanya kazi siku hiyo kwa zamu. Maktaba ikifungwa Jumatatu nzima na kufunguliwa Jumapili kuanzia saa saba mchana, baada ya ibada, hadi saa kumi na mbili jioni, hakuna saa hata moja itakayoongezwa kwa juma, zitapungua. Wakutubi wapangwe kwa zamu ili mmoja asishike Jumapili mbili mfululizo, na wasiokuwa tayari waheshimiwe. Taa hazihitajiki sana saa hizo katika msimu huu. Mlinzi yupo tayari, kwa maana jengo hulindwa hata likiwa limefungwa, na kwa sasa analipwa kuhakikisha kwamba hatuingii.

Wapo pia watakaosema kwamba watoto wa leo wana simu, na kila kitu kimo intaneti. Wenye kusema hivyo hununua bando bila kuhesabu. Katika nyumba nyingi za mtaani kwetu simu yenye intaneti ni moja, hutoka asubuhi na baba au mama, na ikirudi jioni betri imekwisha.

Ningependa kuongeza jambo kuhusu vitakavyokuwemo rafuni, kwa sababu kufungua mlango wa chumba kilichojaa vitabu vya mtihani hakutaleta wikendi ya starehe. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi mbili, lakini ukiingia katika maktaba ya umma jijini utadhani ni lugha ya somo moja tu la shule. Wachapishaji wakubwa wengi wa nchi hii wana ofisi hapa hapa Nairobi. Kila Septemba wanakutana katika Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu pale Sarit Centre, na baada ya maonyesho hubaki na masanduku ya riwaya, tamthilia na hadithi za watoto ambazo wangefurahi kuziuza kwa bei nafuu kuliko kuzirudisha stoo. Kaunti ikitenga fungu dogo la kununua vitabu vya Kiswahili vya kujiburudisha, visivyo na maswali ya marudio mwishoni mwa kila sura, itakuwa imemsaidia mwandishi, mpiga chapa na msomaji kwa hundi moja. Nawe, Bwana Mhariri, ukichapisha saa za kufunguliwa kwa maktaba kila Ijumaa kando ya ratiba ya mechi, utakuwa umetusaidia zaidi kuliko unavyodhani, maana hivi sasa watu hupata habari hizo kwa kwenda na kukuta kufuli.

Naandika sasa, Februari, kwa sababu ya kalenda ya fedha. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, kila kaunti sharti iwasilishe mkakati wake wa fedha katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, ili matumizi yaanze tarehe 1 Julai. Katikati ya tarehe hizo wananchi hualikwa kutoa maoni, kwa kawaida siku ya kazi asubuhi, katika ukumbi ambao mfanyakazi wa Industrial Area hawezi kufika bila kukatwa mshahara. Maoni ya maandishi, hata hivyo, hupokelewa, na diwani wa kila wadi ana ofisi. Nawaomba wazazi, wakutubi, walimu na wauzaji wa vitabu waandike. Yangu nimekwisha kuyapeleka, ukurasa mmoja uliopigwa chapa: tuanze na Kaloleni na Makadara, Jumapili saa saba hadi saa kumi na mbili, kwa miezi sita; kila anayeingia ahesabiwe mlangoni, mtoto na mtu mzima kando kando, na vitabu vilivyoazimwa viandikwe kwa lugha; kisha hesabu hiyo ibandikwe ukutani na ipelekwe kwa kamati ya bajeti kabla ya mwaka mwingine wa fedha.

Wako mtiifu,
Mfunga vitabu,
Umoja, Nairobi